Thamani ya Mkia: Utangulizi wa Elimu ya Mashindano

Timu inayovuta mkia katika ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, haishushwi daraja. Inabaki ilipo, na kabla ya msimu mpya kuanza inapewa nafasi ya kwanza kuchagua kijana imtakaye miongoni mwa wanaotoka vyuoni. Utaratibu huo ni uteuzi wa chipukizi, na kila mwaka, ligi inapoelekea ukingoni, huzusha ubishi uleule: timu ambayo kombe limeshaipita, wachezaji wake waendelee kujikaza, au wapoteze mechi zilizobaki makusudi ili klabu iangukie chaguo bora?

Ukiliuliza swali hili Garissa, pembeni ya uwanja baada ya Alasiri, kwanza utachekwa. Nani apoteze mechi kwa hiari yake mbele ya watu wa mtaa wake? Kijana wa Bulla Iftin akifungwa na mtaa wa jirani ataulizwa dukani, ataulizwa nyumbani, na wiki nzima hatapumua. Kicheko hicho kina hoja ndani yake, na sehemu kubwa ya utangulizi huu ni kuieleza hoja hiyo.

Karibu, basi. Maelezo haya yamekusudiwa mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa michezo, refa wa ligi ya kaunti, na yeyote kati ya Garissa, Wajir na Mandera aliyewahi kubishana juu ya msimamo wa ligi. Huhitaji hesabu kubwa. Ukiweza kujumlisha alama na kutofautisha mabao, una vifaa vya kutosha kuanza.

Elimu hii ina wazazi wawili

Mzazi wa kwanza ni falsafa. Mwaka 1938 mwanahistoria wa Uholanzi Johan Huizinga alichapisha Homo Ludens, kitabu kilichodai kwamba mchezo si pambo la utamaduni bali ni mojawapo ya mizizi yake. Miaka 40 baadaye, mwaka 1978, Bernard Suits alitoa The Grasshopper, na humo akatupa fasili ambayo wanafunzi wa somo hili huikuta mapema: kucheza ni kujitwika kwa hiari kikwazo ambacho si cha lazima. Kama haja ingekuwa mpira uvuke mstari tu, njia rahisi ingekuwa kuubeba mkononi usiku uwanja ukiwa mtupu. Tunaikataa njia hiyo kwa sababu bila kikwazo hakuna mchezo. Kwa fasili ya Suits, anayeingia uwanjani bila nia ya kushinda ameuacha mchezo wenyewe, ingawa jezi bado iko mwilini.

Mzazi wa pili ni uchumi. Mwaka 1956 Simon Rottenberg aliandika juu ya soko la wachezaji wa besiboli, na mwaka 1964 Walter Neale akaeleza jambo linaloitofautisha klabu na biashara nyingine zote. Mwenye duka hufurahi jirani yake akifunga duka, kwa kuwa wateja watahamia kwake. Klabu haiwezi kufurahia hivyo, maana mpinzani wake akifa, haina wa kucheza naye. Neale alitumia mfano wa bondia Joe Louis na mpinzani wake Max Schmeling: bingwa asiye na mpinzani wa maana hana kipato cha maana. Ndiyo sababu ligi, tofauti na soko la kawaida, huwa na hamu ya kuwainua wanyonge wake.

Uteuzi wa chipukizi ulizaliwa na hamu hiyo. Aliyeupendekeza NFL mwaka 1935 ni Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, timu iliyomaliza msimu huo kwa ushindi wa mechi 2 na kushindwa 9. Uteuzi wa kwanza ulifanyika Februari 1936, na chaguo la kwanza likaiangukia timu ya Bell mwenyewe. Ilimchagua Jay Berwanger, nyota wa chuo, ambaye hakucheza hata mechi moja ya NFL. Tangu siku ya kwanza, basi, mambo mawili yalikuwa wazi: kanuni ya kumsaidia wa mwisho ilipendekezwa na aliyekuja kuwa wa mwisho, na zawadi yenyewe haikuwa na uhakika.

Mkia una bei yake

Wazo la kumsaidia aliyebaki nyuma si geni Kaskazini Mashariki. Kifungu cha 204 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, inayotengewa nusu asilimia ya mapato ya kitaifa kila mwaka ili kupeleka maji, barabara, umeme na huduma za afya katika maeneo yaliyotengwa. Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa mwanzoni kuwa wanufaika. Kimaumbile, hazina hiyo na uteuzi wa chipukizi ni ndugu: aliye chini kabisa apewe zaidi ili pengo lipungue.

Hata hivyo hakuna kaunti inayoweza kushawishika kubaki bila maji ili iendelee kuhesabiwa miongoni mwa waliotengwa. Hasara ya kukosa maji ni kubwa mno kuliko fungu lolote la hazina. Hapo tunapata kanuni ya kwanza ya elimu hii, na ningependa uishike hadi mwisho wa masomo yako: mtu hushawishika kushika mkia pale tu ambapo zawadi ya mkia inazidi hasara ya mkia.

Ipime kanuni hiyo kwenye kandanda ya Kenya. Ligi zetu zimepangwa kwa ngazi, kutoka za kaunti kwenda juu hadi Ligi Kuu. Wavuta mkia huteremshwa, na kuteremshwa ni kupoteza wafadhili, kupoteza mashabiki, na kuwaona wachezaji bora wakifungasha virago. Hakuna anayekupa kijana bora wa mwaka kwa sababu umefungwa mara nyingi. Zawadi ya mkia ni sufuri na hasara yake ni kubwa, ndiyo maana swali la NFL linachekesha pembeni ya uwanja wa Garissa.

Sasa ipeleke Marekani. Ligi ya vikapu ya NBA haina kuteremka, timu zinagawana mapato ya televisheni, na timu ya vikapu huwa na watu watano tu uwanjani, kwa hiyo nyota mmoja anaweza kubadilisha kila kitu. Hasara ya mkia ni ndogo na zawadi ni nono. Matokeo yake yalionekana waziwazi Philadelphia 76ers ilipojenga upya kikosi chake kwa miaka kadhaa na kumaliza msimu wa 2015–16 kwa ushindi wa mechi 10 na kushindwa 72. Mwaka 2018 Mark Cuban, mmiliki wa Dallas Mavericks, alipigwa faini ya dola 600,000 baada ya kusema hadharani kwamba amewaambia wachezaji wake kuwa kushindwa ndilo chaguo bora kwao.

Wachumi Beck Taylor na Justin Trogdon walilichunguza jambo hili katika makala yao ya 2002. Walilinganisha misimu mitatu ya NBA yenye kanuni tatu tofauti. Msimu wa 1983–84, walioshika mkia walipewa nafasi za juu za kuchagua moja kwa moja. Msimu wa 1984–85, timu zote zilizokosa mchujo ziliingia kwenye bahati nasibu yenye nafasi sawa. Kufikia 1989–90, bahati nasibu ilikuwa imeegemezwa upande wa walio dhaifu zaidi. Timu zilizokuwa zimeshatolewa zilishindwa kupita ilivyotarajiwa katika msimu wa kwanza na wa tatu, na si katika ule wa katikati. Binadamu walikuwa walewale na maadili yao yaleyale. Kilichobadilika ni bei ya mkia.

Si kila kushindwa kwa makusudi ni kumoja

Mgeni wa somo hili huelekea kuvitia vitu vyote kapu moja na kuviita kuuza mechi. Tuvitenganishe.

Kuna kushindwa kwa ajili ya hongo. Kenya inalijua vizuri jambo hilo. Mwaka 2019 FIFA ilimfungia kwa miaka 10 George Owino Audi, aliyewahi kuchezea Harambee Stars, kwa kushirikiana na mpanga matokeo Wilson Raj Perumal. Mwaka 2020 wachezaji wanne wa Kakamega Homeboyz walifungiwa, mmoja wao maisha, kwa kupanga matokeo ya mechi za ligi. Mwaka 2021 Zoo FC ya Kericho ilitimuliwa Ligi Kuu kwa tuhuma za aina hiyohiyo. Hapa hakuna fumbo la kifalsafa: mchezaji amelipwa kwa siri na mtu wa nje ili awadanganye wenzake, mashabiki na wanaobeti.

Kuna kushindwa kwa ajili ya njia nyepesi, na mfano wake mashuhuri ni wa tarehe 31 Agosti 1998, Ho Chi Minh City, katika Kombe la Tiger. Thailand na Indonesia zote zilikuwa zimeshafuzu nusu fainali. Atakayeshinda angesafiri kwenda Hanoi kukutana na wenyeji Vietnam, na atakayeshindwa angebaki pale na kukutana na Singapore, iliyodhaniwa kuwa nyepesi. Dakika ya 90 ilifika matokeo yakiwa 2–2. Ndipo mlinzi wa Indonesia, Mursyid Effendi, alipougeukia mlango wake mwenyewe na kuupiga mpira wavuni, huku wachezaji wa Thailand wakihangaika kumzuia asijifunge. Washambuliaji walikuwa wakilinda lango la adui, na mlinzi akilishambulia lake. Timu zote mbili zilipigwa faini ya dola 40,000, na Mursyid akafungiwa maisha kucheza mechi za kimataifa. Zote mbili zilitolewa katika nusu fainali, na kombe likachukuliwa na Singapore, yule mnyonge waliyekuwa wakimgombania. Katika Olimpiki za London za 2012, jozi nne za wanawake wa mpira wa vinyoya, moja ya China, moja ya Indonesia na mbili za Korea Kusini, ziliondolewa kwa hesabu za namna hiyo.

Kuna kushindwa kwa ajili ya kulalamika. Oktoba 2002, nchini Madagaska, SO l'Emyrne ilijifunga mabao 149 dhidi ya AS Adema kuonyesha hasira yake juu ya uamuzi wa refa katika mechi iliyotangulia. Hakukuwa na hongo wala siri. Kila aliyekuwa uwanjani alijua kinachotendeka.

Na kuna kushindwa kwa mujibu wa kibarua, jambo ambalo wanariadha wa Kenya wanalifahamu kuliko wengi. Mwekaji kasi hulipwa ili aongoze mbio kwa muda, kisha ajitoe. Hakuna anayemwita mdanganyifu, kwa kuwa kila mtu anajua kazi yake, na hakatazwi kuendelea: Simon Biwott aliingia Berlin Marathon ya 2000 kama mwekaji kasi, akaendelea hadi mwisho na kushinda. Lakini Aprili 2024, katika nusu marathoni ya Beijing, Wakenya Robert Keter na Willy Mnangat pamoja na Mwethiopia Dejene Hailu walionekana wakipunguza mwendo karibu na utepe na kumpisha Mchina He Jie. Mnangat alieleza kwamba walikuwa wawekaji kasi. Uchunguzi ukabaini kuwa hawakuwa wametambulishwa hivyo, na matokeo ya wote wanne yakafutwa. Miguu ilifanya kazi ileile ya kila siku. Kilichokosekana ni tangazo.

Ukiiweka mifano hiyo pamoja utaona maswali matatu yanayoipambanua: nani anafaidika, nani anafichwa, na kanuni ilikuwa inamsukuma mtu wapi? Maswali haya yatakufaa katika kila kisa utakachokutana nacho.

Mwenye klabu na mwenye jezi

Turudi kwenye uteuzi wa chipukizi tukiwa na swali la kwanza mkononi. Nani anafaidika timu ikishindwa? Mmiliki anafaidika, kwa kuwa klabu ni mali yake ya miaka mingi. Shabiki anaweza kufaidika, akiwa na subira. Mchezaji aliye uwanjani leo hafaidiki hata kidogo. Kijana atakayechaguliwa anakuja kuchukua nafasi ya mmojawao. Mkataba unaofuata wa mchezaji wa leo utaandikwa kwa kuangalia picha za mechi hizihizi anazoambiwa alegee, na katika futiboli ya Kimarekani anayelegea mbele ya mtu wa kilo 130 anaweza kuvunjwa mguu. Kumwambia mchezaji ashindwe kwa ajili ya uteuzi ni kumwomba achimbe shimo la ajira yake mwenyewe.

Ndiyo maana wenye klabu mara nyingi hawawaambii wachezaji kitu. Huuza wakongwe, huwapumzisha nyota wenye maumivu madogo, na kuwaachia uwanja vijana wasio na uzoefu. Vijana hao hujitahidi hadi tone la mwisho, na hufungwa. Kushindwa kumepangwa ofisini, na uwanjani hakuna aliyelegea. Je, huo ni udanganyifu? Baadhi ya wanafalsafa husema hapana, kwa kuwa kila aliyecheza alicheza kweli. Wengine husema ndiyo, kwa kuwa shabiki aliuziwa tiketi ya shindano ambalo mmoja wa washindani alikuwa ameshaamua kulikosa. Mimi niko na hawa wa pili kuhusu mmiliki, na niko na wa kwanza kuhusu wachezaji.

Msimamo wangu, basi, niuweke wazi ili uupinge ukiweza. Mchezaji wa kulipwa asishindwe makusudi, kwa amri ya yeyote, kwa sababu juhudi yake ndiyo kitu pekee alichowaahidi wenzake, mpinzani na watazamaji kwa pamoja. Lakini lawama kubwa isimwangukie yeye. Timu zikianza kuukimbilia mkia, wa kwanza kuhojiwa awe aliyetunga kanuni iliyoupa mkia thamani.

Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Hekima hiyo inamhusu aliyepigana akazidiwa. Aliyekutafuta kushindwa kabla ya filimbi hana cha kukubali, maana hakushindana.

Ugumu wa kuithibitisha nia

Msomaji aliyepitia madrasa anajua kwamba matendo hupimwa kwa nia, na anajua pia kwamba nia iko moyoni. Kamati ya nidhamu haina njia ya kuingia humo. Kipa aliyeteleza na kipa aliyejiangusha hufanana kwenye picha.

Watafiti wametafuta njia ya kuzunguka ukuta huo kwa kutazama mechi nyingi badala ya moja. Mwaka 2002 Mark Duggan na Steven Levitt walichunguza mieleka ya sumo ya Japani, ambapo mpiganaji huingia mapambano 15 katika shindano na anahitaji ushindi 8 ili asiporomoke. Waliofika siku ya mwisho wakiwa na ushindi 7 walishinda mara nyingi kupita matarajio, na walipokutana tena baadaye na wapinzani walewale, walishindwa zaidi ya kawaida, kama watu wanaolipa deni. Mwaka 2011 ujumbe wa simu za wapiganaji ulithibitisha kwamba mapambano yalikuwa yakipangwa, na shindano la Machi likafutwa.

Chukua funzo pamoja na tahadhari yake. Takwimu huonyesha kwamba kundi lina tabia fulani. Haziwezi kumtia hatiani mtu mmoja kwa pambano moja. Refa au kiongozi wa ligi anayemshuku kipa wa kijiji fulani kwa sababu ya wastani wa mabao tu atakuwa amedhulumu.

Tiba na mipaka yake

Kwa kuwa ugonjwa hutoka kwenye kanuni, tiba nyingi pia ni za kanuni. Katika Kombe la Dunia la 1982, Ujerumani Magharibi na Austria zilicheza tarehe 25 Juni zikijua kwamba ushindi mwembamba wa Wajerumani ungezivusha zote na kuitoa Algeria, ambayo ilikuwa imeshamaliza mechi zake. Bao lilipatikana mapema, na muda uliobaki mpira ukapigwa huku na huku bila haraka. Tangu 1986, mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja. NBA nayo, mwaka 2019, ilizipa timu tatu za mwisho nafasi sawa ya asilimia 14 kila moja kupata chaguo la kwanza, badala ya asilimia 25 kwa ile ya mwisho kabisa. Ligi ya wanawake ya magongo ya barafuni ya Amerika Kaskazini, PWHL, imekwenda mbali zaidi: timu ikishatolewa, alama inazovuna kuanzia hapo ndizo zinazoamua nani atachagua kwanza. Aliye dhaifu bado ana faida, kwa kuwa hutolewa mapema na hupata mechi nyingi za kuvuna, lakini lazima ashinde.

Kaskazini Mashariki ina fumbo lake ambalo vitabu vya Marekani havikulifikiria: mechi isiyochezwa. Kutoka Mandera hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 600, na kutoka Garissa hadi Nairobi ni zaidi ya 350. Timu isiyo na nauli haifiki, na mpinzani hupewa alama tatu za mezani. Hata Ligi Kuu imeonja hilo: SoNy Sugar ya Awendo ilitimuliwa mwishoni mwa 2019 kwa kukosa kufika katika mechi tatu, katika msimu ambao udhamini wa SportPesa ulikuwa umeondoka. Je, klabu iliyoamua kutosafiri ili ihifadhi nauli ya mechi muhimu zaidi imeshindwa makusudi? Nani anafaidika na alama hizo za mezani, na ni timu gani ya tatu inayoumia katika jedwali bila kuulizwa?

Pa kuanzia

Usianze na NFL. Anza na ligi iliyo karibu nawe, iwe ya kaunti, ya shule za upili, au ya vijana wa kambi za Dadaab. Chukua ratiba ya raundi mbili za mwisho na uandike, kabla mechi hazijachezwa, kila timu inahitaji nini na ingepata nini ikishindwa. Kisha hudhuria na ulinganishe. Andika pia mechi ambazo hazikuchezwa na sababu iliyotolewa. Fanya hivyo kwa misimu michache na utakuwa na daftari ambalo mtafiti wa Garissa, Nairobi au Chicago atalihitaji, kwa kuwa sehemu kubwa ya elimu hii imejengwa juu ya ligi za matajiri.

Ukimaliza, peleka daftari hilo kwa wanaotunga kanuni za ligi yako, na uwaonyeshe ni wapi mkia ulikuwa na thamani. Mara nyingi, marekebisho yatakayohitajika ni saa ya kuanza mechi au fungu dogo la nauli.